Maswali yenu ya kalamu za wino: Montblanc ya elfu themanini, Parker ya babu, na ile inayolala kwenye boksi

Maswali yamejaa tena, na nusu yake ni swali moja limeulizwa na watu tofauti kwa maneno tofauti. Naanza nalo ili tulimalize.

Nimeonyeshwa Montblanc 149 kwa shilingi elfu themanini, jamaa anasema kaletewa na ndugu yake aliyeko Ujerumani. Ni orijino? (Msomaji, Dar es Salaam)

Sio. Na wengine wote mlioleta picha za kalamu za bei hiyo, sio pia. 149 mpya dukani inapita dola 1,000, sasa huyo ndugu wa Ujerumani anakupenda kiasi gani mpaka akuachie kwa bei ya viatu?

Ila bei peke yake haitoshi, maana kuna wajanja wanaouza feki kwa laki saba ili uamini. Kitu cha kwanza kuangalia ni inavojazwa. 149 ni kalamu ya pistoni, wino unakaa ndani ya mwili wenyewe, unazungusha kitako cha nyuma pistoni inashuka, unazamisha nibu (ile ncha ya metali inayoandika) kwenye chupa, unazungusha kurudi inavuta. Kwa hiyo ukifungua mwili kwa katikati ukakuta konvata (kibomba cha kuvutia wino kinachochomoka) au katriji (kichupa cha wino kilichojazwa tayari), rudisha kalamu ya watu uondoke. 146 nayo ni ya pistoni hivo hivo. Ila angalia usije ukamtukana mtu bure, 145 yenyewe inatumia katriji na konvata na ni halali kabisa. Kitu cha pili, hizi za miaka ya karibuni zina namba kwenye pete ya klipu na neno Pix limechongwa chini ya klipu. Cha tatu, chukua tochi kali, lile jeusi la mwili halisi likimulikwa linatoa wekundu kwa mbali. Ile 4810 kwenye nibu haikusaidii kitu, ni urefu wa mlima Mont Blanc kwa mita na kila anaeghushi anajua kuichonga.

Kinachoniuma kwenye feki sio heshima ya kampuni, kampuni ina wanasheria wake. Kinachoniuma ni kwamba mtu ananunua hiyo kitu, inakwaruza, inavuja kwenye shati, alafu anaamini maisha yake yote kwamba kalamu za wino ni usumbufu na anarudi kwenye biki. Kwa elfu themanini hiyo hiyo ukiagiza vizuri unapata Pilot Metropolitan au Lamy Safari halisi, na hizo zinaandika.

Naweza kuweka wino wa mhuri? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Wala wa printa, wala wino wa kuchorea ule mweusi wa India. Huo wa India ndio mbaya kuliko wote, una gundi ndani yake, ukikauka kwenye vile vimfereji vya fidi (ile plastiki nyeusi iliyokaa chini ya nibu) hautoki tena kwa maji. Chupa iwe imeandikwa kwamba ni wino wa kalamu za wino. Quink, Pelikan 4001, Diamine, Iroshizuku ya Pilot, chagua. Hili nimelijibu mara nyingi mno, tafadhali ulizeni kabla ya kumimina na sio baada.

Nilipostaafu wenzangu walinichangia Pelikan Souverän M800, ya kijani yenye mistari. Ni nzuri mno, naogopa kuiharibu. Nimeijaza mara moja nikasaini kadi nikairudisha kwenye boksi, sasa ina kama miaka miwili. Niitunzeje? (Mwalimu mstaafu, Moshi)

Mwalimu shikamoo, na samahani kwa nitakachosema maana nakisema kwa mapenzi. Ulivoijaza mara moja ukairudisha, hapo ndipo ulipoanza kuiharibu. Wino ni maji na rangi. Maji yanakauka yanaondoka, rangi inabaki inaganda kwenye ufa wa nibu na kwenye fidi, na ukiacha miaka miwili pistoni nayo inaanza kuwa nzito. Kalamu inayoandika kila siku inajisafisha yenyewe kwa kuandika, wino mpya unapita unasukuma wa jana. Kalamu ya boksini ndiyo inayokufa.

Fanya hivi leo. Chukua glasi ya maji ya kawaida, baridi, nasisitiza baridi, maji ya moto yanaweza kupindisha fidi. Zamisha nibu peke yake, iache usiku kucha. Kesho zungusha pistoni taratibu uvute maji na kuyatoa, rudia mpaka yatoke meupe, inaweza kuchukua mara thelathini. Ikigoma kuzunguka usiilazimishe, irudishe kwenye maji siku nyingine nzima. Usitumie spiriti. Alafu ikaushe na kitambaa, jaza Pelikan 4001 ya bluu ambayo ni wino mpole, uandike.

Uandike nini? Chochote. Matumizi ya nyumbani, barua kwa mwanafunzi wako wa zamani, majina ya wajukuu. Pelikan walianza kuuza kalamu ya pistoni mwaka 1929 na toka hapo hawajaacha kuiboresha, na kazi yote hiyo ni ili mtu ajaze wino mwingi aandike muda mrefu bila kusimama. Hawakuhangaika hivo ili ikae gizani. Wenzako wangetaka kukupa pambo wangekununulia saa ya ukutani. Walikupa kalamu kwa sababu wewe ni mwalimu, wamekuona miaka yote umeshika kalamu. Mikwaruzo itakuja, ndiyo, kwenye klipu na kwenye kifuniko, na kila mkwaruzo utakuwa wako. Kalamu ninazozipenda mimi kuliko zote ni zile zilizochakaa pale kidole kinaposhika.

Niandikie ikianza kuandika, nataka kujua.

Nibu ya dhahabu inaandika vizuri kuliko ya chuma? (Msomaji, Kampala)

Sio lazima. Kinachogusa karatasi sio dhahabu wala chuma, ni kile kitone kidogo cha metali ngumu kilichochomelewa kwenye ncha, na kinafanana kwa zote mbili. Laini au ngumu inatokana na aliyekisugua kile kitone. Dhahabu ilianza kutumika kwa sababu wino wa zamani ulikuwa na asidi na dhahabu hailiki. Namba 585 kwenye nibu maana yake karati 14, 750 ni karati 18, Sailor wa Japani wanafika mpaka 21. Karati kuwa nyingi haimaanishi utamu umeongezeka. Nimeandika na chuma tamu na dhahabu mbovu.

Nataka kuazima kalamu yako ya laki tano niijaribu. (Wengi)

Hapana. Niliwahi kumpa mtu kwenye foleni ya benki asaini fomu tu, alikandamiza kama anaandika kwenye karatasi tatu za kaboni, ikarudi meno ya nibu yameachana. Kuitengeneza ilinigharimu zaidi ya ningemnunulia biki katoni nzima. Beba biki ya pili mfukoni kwa ajili ya waazimaji, wala usione aibu.

Nikisafiri na SGR kutoka Mombasa kwenda Nairobi kalamu inatapika wino kwenye kifuniko. Ni mbovu? (Msomaji, Mombasa)

Sio mbovu, ni mlima. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na huko juu hewa inakandamiza kidogo kuliko Mombasa. Ile hewa uliyoifungia ndani ya kalamu ukiwa pwani inatanuka ukipanda, na ikitanuka inasukuma wino nje. Kwa hiyo ama ijaze mpaka juu ili hewa iwe kidogo, ama isafiri tupu, na vyovyote vile isimame nibu ikiangalia juu njia nzima. Nusunusu na imelala kwenye begi ndiyo inayotapika. Ndege ni hivo hivo.

Nimerithi Parker 51 ya babu, ilikuwa kwenye sanduku na vyeti vyake. Ina thamani gani? (Msomaji, Tanga)

Mnaanza na thamani kila mara! Swali la kwanza lingekuwa inaandika au haiandiki.

Bahati nzuri umerithi kalamu ambayo kwangu mimi ni moja ya bora zilizowahi kutengenezwa, na wala sio adimu, Parker waliuza mamilioni yake toka 1941, kwa hiyo sahau kujenga nyumba. Nibu yake imefichwa, inachungulia tu nchani, na hilo lilifanywa kwa makusudi ili wino usikauke haraka. Fungua mwili. Ukikuta bomba la chuma lenye kibao cha kubonyeza, hiyo ni ya kuanzia 1948 na una bahati kweli, kifuko cha ndani ni cha plastiki imara inayobonyea, na vingi bado vinavuta mpaka leo. Ukikuta kitufe kwenye kitako, hiyo ni ya zamani zaidi na mpira wa ndani pengine umeshakwisha, hiyo mpelekee fundi anaezijua.

Yenye kibao iloweke sehemu ya mbele tu kwenye maji baridi, siku mbili tatu, badilisha maji, bonyeza, bonyeza. Utaona bluu ya babu inatoka. Ni wino uleule aliosainia hivo vyeti, mi nilipofanya hivo kwa ya mzee wangu nilikaa nikaangalia glasi muda mrefu. USIVUTE kile kifuniko cha nibu kwa koleo, kimegundishwa na kinapasuka, na ukimpelekea fundi saa wa mtaani mwambie hivo hivo.

Kalamu yangu nzuri ila kwenye daftari wino unasambaa kama buibui. (Mwanafunzi, Morogoro)

Ni karatasi. Sio kalamu. Karatasi ya kaunta buku za siku hizi inanyonya kama pamba. Watu wananunua kalamu ya laki nane na daftari la elfu moja, alafu wanalaumu nibu. Anza na karatasi, Rhodia au Clairefontaine ukizipata. Ukishindwa, nibu nyembamba ya Kijapani, F yao (alama ya nibu nyembamba) ni nyembamba kuliko F ya Wajerumani, na wino usiotiririka sana. Ukiwa dukani beba kalamu, omba uandike neno moja kwenye ukurasa wa nyuma kabla ya kulipa.

Naandika Kiarabu na Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mkono unafuta wino. Kuna kalamu maalum? (Msomaji, Muscat)

Nimelipenda hili. Neno kalamu lenyewe limetujia kwa Kiarabu na mwanzo wake ni unyasi uliochongwa, kwa hiyo nyie ndio wenyewe. Shida yako ni ileile ya wanaotumia mkono wa kushoto kuandika kwa herufi za kizungu: mkono unafuata nyuma ya wino mbichi, na nibu inasukumwa badala ya kuvutwa. Nibu nyembamba kali ikisukumwa inachimba karatasi. Chukua iliyo pana na laini, wino unaokauka haraka, na kaa mkono uwe chini ya mstari. Kwa hati za sanaa Pilot Parallel ni ya bei ya chini sana, zipo za milimita 1.5 mpaka 6, na inakupa wembamba na unene wa herufi ambao kalamu ya milioni mbili yenye nibu ya duara haikupi. Na nyie wa mkono wa kushoto msome hapa hapa, msiniulize tena.

Nataka kununua toleo maalum, zimetoka chache, niweke kama uwekezaji. (Msomaji, Nairobi)

Nunua kiwanja.

Nasema hivo kwa sababu nyingi ukizirudisha sokoni zinashuka siku uliyotoka dukani, na mnunuzi wa kalamu kama hizo anataka isiwe imeguswa na wino, maana yake umelipa hela nyingi ili usiandike. Haya mambo ya toleo la namba fulani na jina la mwanamuziki fulani kwenye kifuniko ndiyo yanayoiharibu hii kitu yetu. Nibu ni ileile ya kalamu ya kawaida ya kampuni hiyohiyo. Kama hela unayo kweli, chukua Lamy 2000, imechorwa na Gerd Müller mwaka 1966 na mpaka leo inauzwa karibu vilevile, au Pilot Custom 823 inayomeza wino wa kutosha kuandika wiki. Kwa walio pwani yenye joto naongeza Platinum 3776, kifuniko chake kina kizibo cha ndani chenye springi, wino haukauki hata ukiisahau miezi.

Hati za mahakamani, nataka wino usiofutika. (Wakili, Arusha)

Tafuta wino wa chuma, kama Registrar's ya Diamine. Ukiandika unatoka bluu alafu chuma kilichomo kinakutana na hewa kinakuwa cheusi na kushikana na karatasi yenyewe, ndo maana hati za mamia ya miaka bado zinasomeka. Ila una asidi. Osha kalamu kila mwezi na usiuache ulale ndani ukaenda likizo. Na usiuweke kwenye kalamu ya zamani ya kurithi.

Nikishaijaza niishike vipi? (Msomaji, Kisumu)

Polepole. Haihitaji kukandamizwa hata kidogo, uzito wake unatosha. Ukiona alama kwenye ukurasa wa pili, legeza mkono.