Jibu: Maombi ya mkopo wa halmashauri yamerudishwa bila maelezo

Habari za kazi, ndugu yangu. Nimeelewa kwamba kikundi chenu cha vijana washonaji wa viatu vya ngozi hapa Moshi kimerudishiwa maombi pasipo sababu, nawe unauliza muanzie wapi.

Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na mwombeni awaonyeshe kasoro kwenye karatasi yenyewe badala ya kuwaeleza kwa mdomo. Msiende kama waomba hisani: tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2018, halmashauri inawajibika kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Katika vikundi nilivyovisaidia, kinachokwamisha mara nyingi ni andiko la mradi. Watu huandika "kununua vifaa" na jumla ya fedha, basi. Andikeni cherehani ya ngozi ni ya aina gani, muuzaji ametaja bei gani kwa maandishi, mnashona jozi ngapi kwa wiki, nani anazinunua, na rejesho la kila mwezi litatoka katika faida ipi. Kisha linganisheni majina kwenye katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, vitambulisho vya taifa (NIDA) na akaunti ya benki, kwa sababu herufi moja ikitofautiana jalada hulala.

Hesabu zikiwashinda, nendeni SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mkaombe ushauri kabla ya kuwasilisha upya, na nakala mpelekeeni diwani wenu.