Kabla ya kuchagua jeti ya kukodi, kagua viwanja utakavyotua

Ndugu mleta mada, umesema bosi wako na watu wengine sita watasafiri majira ya baridi, waanzie London, wapande milimani St. Moritz, Uswisi, kwa siku nne, kisha wavuke bahari hadi New York, na huenda wakamalizia Miami. Wakala amekuletea ndege mbili, Phenom 300, ambayo ni jeti ndogo, na Gulfstream G650, jeti kubwa ya masafa marefu, nawe unauliza uchukue ipi. Nimeratibu safari za namna hii kwa miaka tisa, na kwa maoni yangu hakuna hata moja kati ya hizo inayoifaa safari yenu yote. Nitaeleza sababu, ila naomba nianze na viwanja, kwa kuwa ndege unaweza kuibadilisha hata siku tatu kabla ya safari, lakini kiwanja hakirefuki, hakishuki mwinuko wake, wala hakisogezi saa ya kufunga kwa ajili ya mtu.

London ina viwanja kadhaa vinavyopokea ndege binafsi, vikiwamo Farnborough, Biggin Hill, Luton, Stansted na London City. Wengi hupenda Farnborough, nami ni mmoja wao, kwa sababu hakitumiwi na mashirika ya ndege za abiria, na njia yake ya kurukia yenye mita 2,440 inazitosha karibu jeti zote za binafsi. Tatizo ni saa zake. Siku za kazi hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku, lakini Jumamosi na Jumapili hufunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku. Jumapili moja abiria wangu walichelewa kutoka kwenye harusi kwa dakika hamsini tu, na dakika hizo zikatosha kutupeleka Stansted, ambako hupokea ndege usiku kucha. Madereva wetu wawili walikuwa wakisubiri Farnborough, kusini-magharibi mwa jiji, na sisi tulikuwa kaskazini-mashariki. Nakumbuka mama mmoja mzee aliyekaa karibu saa mbili kwenye kiti cha chumba cha kusubiria, koti lake limekunjwa magotini, akiniuliza kwa upole kama gari limekaribia, nami sikuwa na jibu la kumpa. Tangu siku hiyo kila ratiba yangu ina kiwanja cha akiba kilichoandikwa kwa jina, na dereva anakifahamu kabla ndege haijaruka.

London City kinavutia kwa sababu kiko jijini kabisa, lakini hakiingiliki na kila ndege. Mteremko wa kutua hapo ni nyuzi 5.5, ilhali viwanja vingi vina nyuzi 3, na ndege pamoja na marubani wake lazima wawe wameidhinishwa kwa mteremko huo. Njia yenyewe ina mita 1,508, na hapa kuna kanuni ambayo mawakala wengi hawaitaji: kwa kawaida jeti inayobeba abiria kwa malipo hutakiwa iwe na uwezo wa kutua na kusimama ndani ya asilimia 60 ya urefu wa njia. Kwa London City hiyo ni kama mita 905. Ndiyo maana mtu anaweza kuona jeti ya tajiri imetua mahali fulani, akaomba ndege ya aina ileile kwa kukodi, akaambiwa haiwezekani. Mwenye ndege yake anayeruka bila kutoza nauli mara nyingi habanwi na kanuni hiyo.

Sasa St. Moritz, ambako ndiko kwenye uzito wa swali lako. Kiwanja chake kiko Samedan, mita 1,707 juu ya usawa wa bahari, ndani ya bonde lililobanwa na milima. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi, kwa hiyo bawa hubeba kidogo na injini hutoa nguvu ndogo kuliko kule chini, na ndege hulazimika kukimbia mwendo mrefu zaidi kabla ya kuinuka. Marubani wanatakiwa wawe wamepata maandalizi maalumu ya kiwanja hicho, kwa hiyo mwulize wakala kwa maandishi kama marubani waliopangiwa safari yenu wenyewe wanayo, kwa maana jibu la kwamba kampuni imewahi kufika huko halitoshi. Mawingu yakilala bondeni, hakuna kutua. Mtakwenda Zürich na kumalizia kwa gari, takriban saa tatu za barabara ya milimani. Pangeni kufika kabla ya mchana kwisha, na msiweke miadi yoyote jioni hiyo. Nafasi za kuegesha nazo hujaa msimu wa theluji, hivyo ulizeni mapema kama ndege itakubaliwa kulala pale, au itashusha watu na kwenda kuegeshwa kwingine, kwa sababu safari hizo mbili bila abiria, ya kwenda kuegeshwa na ya kurudi kuwachukua, huingia kwenye bili yenu.

Kutoka Samedan kwenda New York ndipo ndege zote mbili ulizopewa zinapoonyesha kasoro. Phenom 300 ni jeti nzuri mno kwa London hadi milimani, lakini masafa yake ni karibu kilomita 3,700, tena kwa abiria wachache. Kuvuka Atlantiki kutawalazimu kusimama Iceland na Kanada, huku wakipigana na upepo wa mbisho ambao majira ya baridi ni mkali sana kwa anayeelekea magharibi. Dari ya ndani ina mita 1.5 tu, na watu wazima saba watakaa wameinama kila wanapotoka vitini kwa siku nzima. G650 kwa upande wake inafika karibu kilomita 13,000, lakini kwa hewa nyepesi ya Samedan haitaweza kuondoka imejaa mafuta, na miguu mingine, yaani vipande vingine vya safari yenu, ni mifupi. Mtakuwa mnalipia matangi msiyoweza kuyajaza.

Mimi ningeomba ndege ya daraja la kati, kama Challenger 350 yenye masafa ya karibu kilomita 5,900, au Praetor 600 yenye karibu 7,400. Ndani ya hizo mtu wa kimo cha kawaida husimama wima. Iondoke Samedan na mafuta ya kiasi, itue Shannon, Ireland, kujaza matangi. Shannon naitaja kwa makusudi. Tangu 2010 maofisa wa Marekani wamekuwa wakikagua abiria wa ndege binafsi palepale, uhamiaji na forodha, kabla ya kuvuka. Mkishakaguliwa Shannon mnafika Marekani kama abiria wa safari ya ndani, mnashuka ngazi na kuingia garini. Kutoka hapo hadi New York ni takriban kilomita 4,950. Kwa upepo mkali wa baridi na watu saba, Challenger itakuwa karibu na ukomo wake, kwa hiyo kama bei hazipishani sana, chukueni Praetor.

Mnapofika New York, kiwanja cha kawaida ni Teterboro, ng'ambo ya mto, jimbo la New Jersey. Kina ukomo wa uzito wa pauni 100,000, yaani kama tani 45, kwa hiyo yeyote atakayewashawishi kwa Boeing 737 iliyogeuzwa kuwa ya binafsi hatawashusha hapo. Ndege nilizotaja ziko chini sana ya ukomo huo.

Kuhusu Miami, angalieni sana. Ndege iliyosajiliwa nje ya Marekani hairuhusiwi kubeba abiria kwa malipo kati ya miji miwili ya Marekani. Kama ndege yenu ni ya Ulaya, mguu huo utahitaji ndege nyingine ya huko, au mwende kwa shirika la kawaida.

Hati za abiria zinakwenda sambamba na uchaguzi wa ndege, jambo nililojifunza kwa kuumia. Mtu mwenye pasipoti ya nchi iliyosamehewa viza ya Marekani anafaidi msamaha huo pale tu mwendeshaji wa ndege anapokuwa ametia saini mkataba na mamlaka za Marekani. Nilikuwa na abiria wa namna hiyo kwenye ndege ya kampuni ya rafiki wa bosi, kampuni isiyo na mkataba huo, na tuligundua siku moja kabla. Ilibidi nimkatie tiketi ya shirika la kawaida, akasafiri peke yake, akafika kabla yetu. Pia majina yote hutumwa kabla ya kuruka: Uingereza inataka taarifa si chini ya saa 2 kabla ya kuondoka, na Marekani si chini ya dakika 60, kwa hiyo mgeni wa dakika ya mwisho anayealikwa mezani wakati wa chakula huweza kuchelewesha watu wote.

Mizigo nayo ipimwe kwa futi ya kupimia. Safari yenu ina vifaa vya kuteleza kwenye theluji, na ni vitu virefu. Niliwahi kusimama kwenye mlango wa buti la jeti ndogo na masanduku manne magumu ambayo kila moja lilikuwa jepesi, lakini mlango ulikuwa mwembamba kuliko sanduku kwa vidole vitatu. Tulihamishia nguo kwenye mifuko laini pale pale chini, mbele ya wenye nguo. Mwombe wakala vipimo vya mlango wa buti pamoja na ujazo wake.

Jambo ambalo nisingekubali kulipuuza kwa punguzo lolote ni cheti cha uendeshaji wa ndege za biashara. Omba nakala yake, na hakikisha namba ya usajili wa ndege yenu imo ndani yake. Mwanasoka Emiliano Sala alifariki Januari 2019 akitoka Nantes kwenda Cardiff kwa ndege ndogo ya kukodi ambayo rubani wake hakuwa na leseni ya kubeba abiria kwa malipo, na aliyepanga safari hiyo alifungwa miezi 18 mwaka 2021. Bei ikiwa chini kuliko za wenzake wote, uliza kwanza hicho cheti. Uliza pia saa za kazi za marubani. Kanuni za Marekani kwa ndege za kukodi huwapa marubani wawili saa 10 za kuruka, na kwa kawaida siku ya kazi isiyozidi saa 14, na bosi akichelewa kifungua kinywa huko milimani saa hizo zinaendelea kuhesabika.

Ukipata namba ya usajili, uzito wa mizigo na tarehe ya kuondoka Samedan, ziweke hapa. Nitapiga hesabu ya mafuta hadi Shannon na kukuambia mapema kama mtatakiwa kuondoka asubuhi, kabla jua halijapasha bonde joto.