Mguu Mwembamba Haupigiliwi Msumari

Mwaka 2017 dada mmoja alifika karakanani kwetu, Keko jijini Dar es Salaam, akanipa simu yake. Kwenye kioo kulikuwa na kiti: miguu myembamba inayochongoka kuelekea chini, mgongo umepinda kama upinde, katikati una kipande chenye umbo la herufi Y, na sehemu ya kukalia imesukwa kwa kamba.

"Fundi, hivi unaviweza? Nataka sita vya meza ya chakula."

Nikamjibu kama fundi yeyote wa Keko anavyojibu kodi ya mwezi ikiwa inamdai: "Hivi tu, dada? Nipe wiki mbili."

Nilivimaliza kwa wiki tano. Miezi mitatu baadaye viwili vilirudi juu ya Kirikuu, vimelazwa ubavu kama majeruhi. Cha tatu hakikurudi kabisa, maana kilivunjika chini ya shemeji yake siku ya Idi, sahani ya pilau ikiwa mkononi. Nikarudisha nusu ya hela. Naandika haya kwa ajili ya fundi mwenzangu ambaye kesho ataletewa picha ileile, na kwa ajili yako wewe mteja unayezunguka nayo.

Kosa lilikuwa langu lote. Nilizoea makochi na vitanda vya sita kwa sita, vitu ambavyo unene wake unasamehe kila kitu. Mguu wa kitanda wa inchi nne ukiupiga misumari mitatu na gundi kidogo, utadumu mpaka watoto waoe. Mguu wa kiti kile, pale unapokutana na ubao wa pembeni, nilikuwa nimeuacha inchi moja na robo. Nikaupiga msumari wa inchi mbili na nusu. Msumari haukushika mbao, uliipasua. Ufa nikauziba kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la msumeno, vanishi ikapita juu, nami nikapiga picha za kuweka Instagram.

Baada ya aibu ile ndipo nilipokaa kutafuta kile kiti kimetoka wapi. Kumbe kina mwenyewe. Alikibuni Hans Wegner wa Denmark mwaka 1949, na kampuni ya Carl Hansen & Søn imekuwa ikikitengeneza tangu 1950. Kwenye katalogi kinaitwa CH24. Wegner alikuwa mtoto wa fundi viatu katika mji wa Tønder, akapelekwa kwa seremala kujifunza kazi akiwa bado kijana mdogo, na hadi anafariki mwaka 2007 alikuwa amebuni viti zaidi ya 500. Nilikuwa nimedhani ni kazi ya mtu wa kompyuta na kalamu. Kumbe ni mtu wa patasi kama mimi.

Na yeye naye alianzia kwenye picha! Aliona michoro ya wafanyabiashara wa Denmark wamekalia viti vya Kichina vya enzi ya Ming, akaanza kuvifanyia kazi. Kiti chake cha Kichina kilitoka 1944, na hiki chenye Y kimezaliwa katika ukoo huo. Kabla yake Kaare Klint, mwalimu aliyewalea wengi wa kizazi kile, alikuwa akiwapa wanafunzi samani za zamani wazipime, na mwili wa binadamu pia waupime, kisha waondoe kilichozidi. Kiti chake cha Safari cha 1933 kimetokana na kiti cha kukunjua cha maofisa wa jeshi la Uingereza waliokuwa India: fito, ngozi na mikanda, kinafunguka chote na kufungwa mzigo. Kwa hiyo sitaki kusikia fundi akiambiwa kwamba kuiga ni dhambi. Wenye mtindo wenyewe waliiga. Ila wao waliiga kiti, mimi niliiga picha ya kiti, na picha haionyeshi kilichomo ndani ya kiungo.

Hapo kwenye kiungo ndipo nataka tukae kidogo. Mwaka uleule wa 1949 Wegner alitoa kiti kingine, JH501, kikatengenezwa kwenye karakana ya Johannes Hansen. Watu wanakijua kwa sababu John F. Kennedy alikikalia mwaka 1960 kwenye mdahalo wa televisheni na Richard Nixon. Wewe fundi achana na Kennedy, tazama mgongo. Mgongo na mikono ya kiti kile ni vipande vitatu vilivyoungwa. Mwanzoni Wegner hakuridhika na maungio yale, akayazungushia henzirani yasionekane. Baadaye akayabadilisha: akakata meno yanayoingiana kama vidole vya mikono miwili uliyoifumbata, akayaacha wazi kila mtu ayaone. Nilipoiona ile picha ya karibu nilikumbuka gundi yangu na vumbi la msumeno, nikacheka peke yangu.

Siku hizi mguu naufunga hivi. Ubao wa pembeni naukata ulimi wenye unene wa theluthi moja ya mguu, na mguu nautoboa tundu la kuupokea ulimi huo. Mbao mbili zinapokutana ndani ya mguu mmoja, ncha za ndimi nazikata nyuzi 45 ili zigusane bila kugombana, na kila ulimi upate urefu wa kutosha. Tundu nalianza kwa keekee na kulimalizia kwa patasi. Ulimi uingie kwa kusukumwa na mkono na kugongwa kidogo kwa nyundo ya mbao. Ukiingia wenyewe umelegea. Ukihitaji nyundo ya chuma utapasua mguu. Kisha nakiunga kiti chote bila tone la gundi, nakikalia, najitikisa. Nina kilo 86. Kikilia, nakifungua na kutafuta kinacholia. Gundi ni ya mwisho kabisa, na klampu zinakaa usiku kucha hata kama mteja anapiga simu kila baada ya saa moja.

Mgongo uliopinda ulinisumbua zaidi. Wenzetu wanaukunja kwa mvuke. Nilijaribu kwa bomba na sufuria la maji juu ya jiko la mkaa, nikavunja vipande vinne mfululizo, maana mbao niliyonunua ilikuwa imeshakaushwa kwenye tanuri, na hiyo haipendi kukunjwa. Nikaamua kufuata JH501: vipande vitatu, meno yanayoingiana, halafu tupa na msasa mpaka mkono usisikie kona. Si CH24, wala siuzi kwa jina hilo. Karakanani tumevibatiza "miguu ya swala".

Sasa mbao. Wadenmark wa miaka ile walitumia mwaloni na mti wa kwao uitwao beech, lakini baada ya Vita Kuu ya Pili msaji kutoka Asia ya Kusini-Mashariki ndio uliotawala kabati na meza zao, ndiyo maana picha nyingi unazoletewa zina ile rangi ya asali iliyokolea. Hapa tuna bahati. Msaji umepandwa nchini tangu wakati wa Wajerumani, na mashamba ya Longuza kule Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro yanatoa mbao hadi leo. Lakini kuwa macho: mti mchanga una ganda nene la mbao nyeupe kuzunguka kiini. Ile nyeupe wadudu wanaipenda na haifai kwa mguu mwembamba. Muuzaji atakupaka maneno kwamba "ikipigwa vanishi haionekani". Usione haya kuzigeuza mbao moja moja, na kiini kiwe chote kwenye miguu.

Msaji una mafuta yake. Kabla ya kutia gundi, futa ulimi na tundu kwa kitambaa chenye thina kidogo, subiri ikauke, unganisha siku hiyohiyo. Tena unakula makali ya patasi kama mchanga, kwa hiyo jiwe la kunolea likae karibu. Unyevu ndio usiofanyiwa mzaha. Nilinunua kipimo cha unyevu kwa hela ambayo mke wangu bado anaikumbuka, na mbao ikisoma zaidi ya asilimia 14 inarudi kwenye rafu, imepangwa na vijiti katikati hewa ipite. Viti vya yule dada vilikuwa vya mbao mbichi. Zilipokauka ndani ya sebule yenye kiyoyozi, kila kiungo kikalegea.

Nije kwenye kamba. Kiti kimoja cha CH24 kinakula takribani mita 120 za kamba ya karatasi iliyosokotwa, nayo huku hailetwi kirahisi. Mara ya kwanza nilitumia kamba ya nailoni. Inateleza, inalegea, na mtu akikaa na suruali ya kitambaa laini anajikuta anashuka mbele taratibu. Nikaenda kwa mzee mmoja anayewamba vitanda vya kamba, nikampa fremu moja na roba la kamba nyembamba ya mkonge. Akaigeuzageuza.

"Kitanda cha nani hiki, mwanangu? Cha paka?"

Lakini mikono yake ilijua. Alianzia kwenye kona, akawa anavuta kamba, anaikanyaga kwa kidole gumba cha mguu, anaigonga kwa kijiti ikae bega kwa bega na mwenzake. Alinifundisha kuilowesha kidogo kabla ya kuwamba ili ikikauka ijikaze. Vinyweleo vya mkonge vinavyochoma miguu tuliviondoa kwa mwali mdogo wa spiriti, tukiupitisha haraka haraka. Fundi wa Copenhagen angeshangaa, ila kiti kile kina miaka minne na hakijabonyea. Kama kwenu yupo mtu anayejua kuwamba, mtafute kabla hujaagiza kamba ng'ambo.

Umaliziaji ni mfupi: vanishi ya kung'aa inaiua mbao hii. Mafuta ya kitani mara tatu, msasa laini katikati, basi. Ila tambara lenye mafuta hayo usilikunje ukalitupa kwenye ndoo ya vumbi la mbao. Linajichemsha lenyewe na linaweza kuwaka. Litandaze nje likauke.

Nawe mteja, neno lako. Utaniambia, kama wanavyoniambia wote, "Fundi, mbona ghali, na mbao zenyewe kidogo hivi?" Kitanda kikubwa unakilipia mbao. Kiti hiki unakilipia siku, nacho kinanila siku tatu nzima. Ukienda kwa fundi na picha, usimuulize kwanza bei. Muulize miguu ataiunga vipi, na akuonyeshe kiungo kimoja kabla hakijatiwa gundi. Akikuonyesha mkebe wa misumari, msalimie, uondoke. Na umwambie nani atakaa: kiti cha picha kina kimo cha sentimita 45 pa kukalia, lakini mama yangu akikalia hicho visigino vinaning'inia, kwa hiyo wake nilimshushia hadi 41. Klint angekubali, naamini.

Hata hizi meza za gogo zenye kingo zilizoachwa kama mti ulivyoota, ambazo siku hizi zinamwagiwa mto wa gundi ya bluu katikati, zina babu yao katika kizazi hichohicho: George Nakashima wa Marekani, aliyejifunza kazi kwa fundi wa Kijapani wakiwa wote kambini Idaho, walikofungiwa watu wa asili ya Kijapani wakati wa vita. Yeye ufa aliuacha uonekane na kuufunga kwa vipande vya mbao vyenye umbo la kipepeo. Hilo nitaliandika siku nyingine, nikishatulia hasira za huo mto wa bluu.

Yule dada nilimtafuta mwenyewe mwaka 2021. Nilimwambia namtengenezea vitatu kwa gharama ya mbao tu, kufidia. Vilikuwa vyepesi, nikavipakia vyote kwenye bajaji moja mpaka kwake. Shemeji alikuwepo. Wakamtanguliza akae yeye kwanza. Akakizunguka kiti mara mbili, akakishika mguu, akautikisa, kisha akakaa taratibu, na safari hii sahani aliiweka mezani.