Kila akikasirika tusi linamtoka

SWALI: Shangazi naomba msaada, mwanangu ana miaka 3 na nusu, juzi tuna wageni sebuleni kigari chake kikakatika tairi, akatoa tusi zito hilo mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Mjomba wake akacheka mpaka machozi, basi tangu hapo kutwa analirudia. Nimemfinya, nimemtishia pilipili, wapi!

JIBU: Pole mwanangu. Ila huyo mjomba ndo wa kuanza naye, maana mtoto wa umri huo hajui hata anachosema, anachojua ni kwamba akilitamka tu watu wazima wote wanageuka, mmoja anacheka mwingine anapiga kelele, kwake yote mawili sinema. Kwa hiyo akilisema tena usicheke, usishtuke, uso mkavu kabisa, mwambie mara moja kwa sauti ya kawaida "neno hilo hapa hatulisemi, sema nimekasirika" halafu msaidie kigari chake. Akisema hivyo hata kwa kununa, msifie hapohapo.

Pilipili achana nayo kabisa, inaumiza, na atajifunza kukuogopa tu, tusi atalimalizia nje usikomsikia.

Halafu jichunguze (usinikasirikie), hilo neno kalitoa wapi? Kwenye video za simu, au kwako siku umejigonga kidole? Likikuponyoka mbele yake mwombe radhi, mwambie mama kakosea. Na asipoacha leo wala kesho usikate tamaa, ni wiki kadhaa hizo, mradi na mjomba naye abane kicheko chake.