Usitafute ada, tafuta kazi

Mwanangu Neema,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza ada ya kusomea uzamivu Ulaya tutaitoa wapi, na kama tuuze kile kiwanja cha Kihonda. Kiwanja kibaki. Na swali lenyewe naomba uligeuze: usitafute ada, tafuta kazi.

Uholanzi, Sweden, Norway na Denmark, anayesomea uzamivu kwa kawaida huajiriwa na chuo. Ana mkataba, ana likizo, anakatwa kodi kwenye mshahara wake. Sweden ni miaka 4, na hufika 5 kwa wanaofundisha kidogo, ada hakuna. Ndiyo maana ukitafuta neno "ufadhili" unaambulia patupu: nafasi hizi hutangazwa kama ajira. Fungua EURAXESS, tovuti ya Umoja wa Ulaya. Kwa Uholanzi tazama AcademicTransfer, kwa Norway Jobbnorge. Ujerumani, tangazo laweza kusema asilimia 65. Hiyo ndiyo sehemu ya mshahara kamili utakayolipwa, ingawa maabara utashinda siku nzima. Usikate tamaa, ila piga hesabu ya pango kabla ya kusaini.

Ipo pia mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, mpango wa Umoja wa Ulaya unaogharamia ajira za aina hiyo hiyo, isiyojali uraia wa mtu. Sharti lake kubwa ni kwamba katika miezi 36 kabla ya kuajiriwa, usiwe umeishi au kufanya shughuli zako kuu kwenye nchi inayokuajiri kwa zaidi ya miezi 12. Yule rafiki yako aliyemaliza uzamili Ubelgiji juzi atakwama kwa nafasi za Ubelgiji. Wewe uliyekuwa Morogoro muda wote, hakuna nchi itakayokufungia kwa sharti hilo.

Lakini kazi kubwa iko kwenye barua. Nilipokuwa natafuta nafasi yangu niliandika barua moja, nikawa nabadilisha majina tu, nikaituma kwa maprofesa zaidi ya thelathini. Nilijieleza kuwa nina bidii na nidhamu. Hakujibu hata mmoja, na iliniuma sana. Mwaka uliofuata nilisoma makala ya profesa mmoja hadi jedwali la mwisho, nikamwandikia kumuuliza kwa nini sampuli zake zilikaushwa juani na si kwenye oveni. Alijibu siku ya pili.

Wewe una cha kusema kuliko nilivyokuwa mimi. Miaka miwili umepima sumukuvu kwenye mahindi. Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, wanazichunguza sumu hizo hizo za ukungu, na kule Tulln, karibu na Vienna, watu wa chuo cha BOKU vilevile. Soma makala zao za karibuni, ndipo uandike ulichokiona ghalani Kilosa, mashine uliyotumia, na yale matokeo yaliyokunyima usingizi mpaka ukarudia vipimo. Hayo yawe aya ya kwanza. Shukrani na heshima zitafuata.

Walimu watakaokuandikia mapendekezo waarifu sasa hivi, maana matangazo mengine hufungwa ndani ya wiki chache. Na akitokea wakala anayetaka pesa akutafutie nafasi, mkatie simu. Mwajiri wa kweli hauzi ajira.

Nitumie hiyo aya ya kwanza kabla ya Ijumaa, hata kama haijanyooka. Jumamosi asubuhi sina kipindi, nitakaa nayo. Mama anakusalimu, anauliza kama ule unga ulikufikia.

Baba yako