Kahawa yangu wameiingiza kwenye blokucheni, ndo sitapunjwa tena?

SWALI: Anko shikamoo. Nalima robusta huku Karagwe, ekari mbili na nusu. Juzi vijana wa chama cha ushirika wamekuja na simu wakapima shamba, wakasema kahawa yetu inaingia kwenye blokucheni, mzungu ataona hadi mibuni yangu. Hiyo si ndo ya bitcoin? Na karani wa mizani ataacha kutupunja?

Msomaji, Karagwe

JIBU: Marahaba mwanangu. Bitcoin inatembea juu ya blokucheni kweli, ila wewe huna sarafu ya kununua hapo, akija mtu na lipia kwanza ndo uingizwe, mfukuze. Blokucheni ichukulie kama daftari la chama, tofauti yake nakala anazo kila mtu, chama, mnunuzi, msafirishaji, na kila ukurasa umebeba alama ya ukurasa uliotangulia, kwahiyo mtu akichezea kilo zako usiku alama zinagoma kufanana, wenzie wanamkamata.

Kupimwa shamba ni habari nyingine, wengi mnachanganya. Hiyo ni sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023, hawataki kahawa ya shamba lililokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Blokucheni haijalazimishwa humo, wanataka kujua shamba liko wapi basi. Tena lako halifiki hekta 4, nukta moja ya GPS inatosha.

Sasa mizani, hapo ndo penyewe. Daftari halina macho, karani akisoma 58 akaandika 52 itakaa 52 hiyohiyo, na safari hii kuirekebisha ni shughuli. Walmart, wale wenye maduka makubwa Marekani, waliijaribu blokucheni kwenye embe, kujua limetoka shamba gani ilikuwa inachukua karibu siku 7, ikawa sekunde 2.2! Raha ya mwenye duka hiyo, wewe haikuongezei hata kilo. Kwahiyo hakikisha mizani iko sifuri kabla gunia halijapanda, soma mwenyewe, piga picha, chukua stakabadhi palepale (hakuna cha njoo kesho), na meseji ya kilo ije kwenye namba yako sio ya mwenyekiti.

Halafu ile butura yenu, kuuza kahawa kabla haijavunwa. Kama uliiuza ikiwa bado maua na aliyekukopesha ndo anaipeleka chamani kwa jina lake, huyo mzungu atamuona yeye.