Usianze na nta: nilivyolirudisha gari lililolala chini ya mwembe

Ndugu uliyeuliza kuhusu gari la marehemu mzee wako, lile lililokaa uwanjani Nakuru miaka mitatu hadi rangi ikapauka, na watu wanakwambia nunua kopo la nta upake lote: subiri kwanza. Pole sana kwa kumpoteza mzee. Najua gari la namna hiyo si chuma tu.

Mimi niliachiwa na baba mdogo Corolla 110 ya bluu iliyokoza, ikiwa imelala chini ya mwembe hapa Kisumu zaidi ya miaka miwili. Utomvu, kinyesi cha korongo, wadudu wa ziwani waliokaukia kwenye bampa, na vumbi lililonyeshewa na kukauka mara nyingi hadi likawa ukoko. Siku ya kwanza nikalipeleka kwa waosha magari. Kijana akapitisha kitambaa kikavu kwenye boneti ili atoe vumbi kabla ya kumwaga maji, na kitambaa chenyewe kilikuwa kimetoka kwenye rimu. Jioni jua lilipoinama upande wa ziwa nikaiona boneti nzima imejaa mikwaruzo ya mviringo, kama utando wa buibui. Iliniuma. Vumbi ni mawe madogo, na ukilisugua likiwa kavu unaipiga rangi msasa. Tangu siku hiyo naosha mwenyewe.

Kwa hiyo kazi yako kubwa iko kwenye kuosha. Fanya asubuhi, kivulini, bodi ikiwa baridi ukiigusa. Mwagia maji mengi, acha yalowe, mwagia tena, na usiguse kitu kwa mkono hadi mchanga uliolegea uondoke wenyewe. Kisha ndoo mbili: moja ya shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kabla hujakirudisha kwenye povu. Anza paani ushuke, sehemu za chini na matairi ziwe za mwisho, kwa kitambaa chao. Kitambaa kikianguka chini, chukua kingine, hata kama kilianguka mara moja tu. Sabuni ya unga iache kwenye nguo. Ni kali na huondoa nta yoyote iliyobaki. Na kwa kuwa uko Nakuru, ikiwa maji yako ni ya kisima, usiyaache yajikaukie juani. Yana madini mengi na huacha madoa meupe ambayo baadaye hayatoki kwa maji. Kausha mara moja kwa taulo la maikrofaiba.

Kinyesi cha ndege usikikwangue. Weka kitambaa kilicholowa juu yake dakika kumi, kitalainika. Utomvu wa mwembe ulinitoka kwa spiriti kidogo kwenye pamba, nikasuuza papo hapo.

Gari likishaosheka utadhani umemaliza. Ingiza vidole ndani ya karatasi laini ya mkate, ile ya nailoni, kisha upapase boneti polepole. Mimi nilisikia chembechembe kama nimegusa ganda la chungwa, ilhali kwa macho palikuwa safi kabisa. Hizo hutolewa na klei, ule udongo mlaini unaouzwa kwenye maduka ya vipodozi vya magari. Nyunyizia maji yenye shampuu, telezesha kipande bila kukandamiza. Mwanzoni kinakwama na kukwaruza kwa sauti, halafu ghafla kinanyamaza, kinateleza kama juu ya kioo. Hapo pametakata, sogea. Klei yangu nyeupe ilikuwa ya kahawia kabla sijamaliza boneti. Nilikuwa naikunja kupata upande safi, na kipande kilichoniponyoka kikaanguka nilikitupa.

Sasa ndipo ung'arishe, na hapa watu wengi huchanganya mambo. Polishi hula tabaka jembamba la rangi iliyokufa ili iliyo hai ionekane. Nta haili kitu, inafunika tu. Ukipaka nta juu ya rangi iliyopauka, umefunika mpauko. Jaribu polishi kwanza mahali padogo pasipoonekana. Kitambaa kikibeba rangi ya gari, rangi yako haina vanishi juu yake, yaani lile tabaka angavu la kuilinda, nenda taratibu. Kisipobeba, ina vanishi, nayo ya kiwandani huwa maikroni 40 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Ndiyo maana sikushauri umkabidhi mtu usiyemjua mwenye mashine na kampaundi kali, ile polishi nzito ya kukwangua. Kwenye kingo za boneti na milango anaweza kuimaliza kwa sekunde chache. Mimi nilifanya kwa mkono, eneo la sahani moja kwa wakati, siku mbili nzima, mabega yakauma, lakini bluu ya baba mdogo ilirudi.

Isipokuwa paani. Hapo vanishi ilikuwa inabanduka magamba meupe, na hilo halina polishi wala nta, ni kupigwa rangi upya. Kagua la mzee mapema usije ukapoteza nguvu.

Nta sasa. Ya karnauba hutoka kwenye majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mchikichi na inapendeza mno kwenye rangi nyeusi na zilizokoza. Paka kidogo sana, kivulini, epuka plastiki nyeusi maana hubaki na weupe. Ikishakuwa ukungu, pitisha kidole: kikiacha njia safi, futa. Kwa jua letu mimi hurudia kila miezi miwili, maji yakianza kutandaa badala ya kusimama matone.

Na usilifunike kwa turubai likiwa na vumbi. Upepo wa Nakuru utalisugua hilo turubai juu ya rangi usiku kucha.